Maswali ya Lugha: Kikomo, mwisho na mpaka

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi simu hapa Msamvu, Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua bando la intaneti lililotangazwa kuwa "halina kikomo". Siku ya tisa likaanza kutambaa, hata picha moja ikawa haifunguki. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nimefikia kikomo cha kasi. Nikauliza, kikomo kimetoka wapi tena? Hapa kijiweni pamezuka ubishi. Mwenzangu mmoja anasema kosa ni la lugha, wangeandika "bila mipaka". Mwingine anasema "bila mwisho". Naomba utuamulie: kikomo maana yake hasa nini, neno limetoka wapi, na lipi lilikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekaa na barua yako siku mbili, maana imenirudisha mbali.

Nilipokuwa mtoto Pangani, basi la Tanga lilikuja mara moja kwa siku. Ni kilomita 50 hivi, lakini kwa barabara ya vumbi ya wakati ule lilikuwa likifika watu wamegeuka rangi, nyusi zote nyekundu. Lilishuka polepole mpaka ukingoni mwa mto, pale penye kivuko, likazimwa. Utingo aliruka chini kabla halijatulia, akasukuma kigogo nyuma ya tairi, akapiga bodi kwa kiganja: "Kikomo! Kikomo cha gari!" Sisi watoto tulikuwa tukilisubiri neno lile ili tukimbilie mizigo, kwa sababu mwenye mzigo mzito hutoa senti.

Sasa tazama pale mtoni palivyokuwa. Gari limekoma. Lakini barabara ilikuwa haijaisha: ng'ambo ya pili, Bweni, tuliiona ikipanda kilima katikati ya minazi na kuelekea Mkwaja. Wala wilaya ilikuwa haijafika mpakani, maana Bweni ni Pangani vilevile. Mahali pamoja, basi, palikuwa na kikomo cha gari, hapakuwa na mwisho wa barabara, na hapakuwa na mpaka wa wilaya. Mtu akiyashika haya matatu kwa sura ya mto ule, hayamchanganyi tena.

Kikomo ni mtoto wa kitenzi koma. Kukoma ni kuacha kwenda au kuacha kutenda. Mvua imekoma, damu imekoma kutoka, mtoto amekoma kulia. Mama akikuambia "Ukome!" hakuambii umalizike, anakuambia uache. Kitenzi hicho kikapewa ki- mbele na -o nyuma, kama tulivyofanya kwa vitenzi vingine chungu nzima: vuka ikatupa kivuko, ziba ikatupa kizibo, tua ikatupa kituo. Hii ya mwisho ndiyo ndugu wa karibu kabisa. Kutua ni kushusha mzigo, na kituo ni pale unapoushushia. Ndiyo maana kituo cha basi kikaitwa kituo. Kikomo nacho ni pale unapoachia kwenda. Kituoni unapumzika halafu unaendelea. Kikomoni huendelei.

Kwa hiyo anayekuambia "halina kikomo" amekuahidi kitu kimoja tu: hutasimamishwa njiani. Hakukuahidi kwamba bando halitaisha, kwa sababu lina siku zake 30, na siku ya 30 ndiyo mwisho wake. Bando "bila mwisho" lingekuwa lile usilolinunua mara ya pili maisha yako yote. Wala hakukuahidi "bila mipaka". Mpaka ni mstari kati ya pande mbili, changu huku na chako kule. Kwa Wachaga mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huoteshwa masale, kwetu Tanga tunapanda minyaa, na siku hizi wapimaji wanachimbia bikoni za zege. Palipo na mpaka pana jirani. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1971, wamepata jina linalowafaa, kwa sababu kazi yao ni kuvuka kutoka nchi hadi nchi. Bando "bila mipaka" ningelielewa kuwa naweza kuvuka nalo Horohoro likaendelea kufanya kazi Kenya.

Basi wabishi wa kijiweni waambie hivi: neno lililoandikwa kwenye tangazo lilikuwa ndilo lenyewe, na limevunjwa. Kasi ikishushwa hata picha haifunguki, umesimamishwa. Mtu aliyefungwa miguu haambiwi kwamba hajakatazwa kutembea. Na yule msichana wa huduma kwa wateja alipotamka "umefikia kikomo", alisema kweli kwa Kiswahili safi. Shika kauli yake hiyo na uandike malalamiko, maana imekiri kwamba kikomo kipo.

Jambo dogo la kuongeza, kwa kuwa wewe unaandika mabango ya duka lako. Ni bando lisilo na kikomo, kifurushi kisicho na kikomo, vifurushi visivyo na kikomo, muda usio na kikomo. Naona siku hizi kila kitu kinaandikwa "isiyo na": "vifurushi isiyo na", "muda isiyo na". Nilisahihisha magazeti Dar es Salaam miaka 27, na kosa hilo nililikata kwa kalamu nyekundu mpaka kidole kikaota sugu. Kama upatanisho unakusumbua, andika tu "bila kikomo". Bila haibadiliki: bando bila kikomo, muda bila kikomo, vifurushi bila kikomo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati mwaka wa 31 huu. Wajukuu zangu wanasoma Kiarabu shuleni na wananisahihisha nikisema Kiswahili. Wanasema "hadi" si Kiswahili, ni Kiarabu, na "hata" ni Kiarabu, kwa hivyo niseme "mpaka". Je, ni kweli? Na kama hadi ni ukomo, kwa nini katika maombi tunasikia "hata milele", ilhali milele haina ukomo?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Wajukuu wamepata asili, wamekosa hukumu.

Ni kweli, hadi imetoka katika Kiarabu ḥadd, yaani ukingo, mpaka. Wingi wake ni ḥudūd, neno wanalolisikia kila siku huko mliko. Ni kweli pia kwamba "hata" ni ḥattā. Na mpaka ni letu tangu kwa mababu wa Kibantu: Wakikuyu wanaita mũhaka, Wakamba wanaita mũvaka, na Lubumbashi watakuambia mupaka. Lakini tazama lilivyo jambo la ajabu na la kupendeza. Kiswahili kilikuwa na jina la ukingo wa shamba, mpaka, kikalifanya liwe neno la kuunganisha: "nilimsubiri mpaka jioni". Kikachukua jina la Kiarabu la ukingo, ḥadd, nalo kikalipitisha njia ileile: "nilimsubiri hadi jioni". Yaani kwa mtu wa pwani kusubiri ni kama kutembea shambani, unakwenda unakwenda, ukigonga minyaa unasimama. Mawili haya yametoka nchi mbili tofauti yakafundishwa kazi moja. Hakuna sababu ya kufukuza hata moja.

Tofauti iliyopo ni ya mahali pa kusemea tu. Hadi imevaa shati la ofisini: "kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 15". Mpaka iko sokoni na nyumbani. Nayo "hata" kwa maana hii imezeeka, inasikika zaidi katika tenzi na katika Biblia, kwa sababu leo watu wanaitumia kwa "hata mimi" au "hata kidogo". Wajukuu wakikusikia unasema "tangu asubuhi hata magharibi", waambie wanasikiliza Kiswahili cha bibi zao, wakihifadhi.

Hilo la "hata milele" umeuliza vizuri sana. Ni kweli, "hata" hutaka mahali pa kufikia, na milele hapana mahali pa kufikia. Lakini lugha inafanya hivyo kwa makusudi: inakuonyesha njia, inakupa neno la "mpaka", halafu pale ulipotegemea kukuta ukingo inakuwekea milele, na mguu unaendelea. Ni nguvu kuliko kusema "milele" peke yake.

Na kwa kuwa upo karibu na wanaokijua Kiarabu, kuna jozi moja ningependa uwafundishe wajukuu, maana katika Kiswahili cha kila siku imeanza kupotea. Azali na abadi. Azali ni kutokuwa na mwanzo, abadi ni kutokuwa na mwisho. Masheikh wakisema Mwenyezi Mungu ni wa azali na wa abadi hawarudii neno moja mara mbili. Wameziba pande zote mbili. Milele yetu imebeba zaidi upande wa mbele, wa kutokwisha. Kwa upande wa nyuma, wa kutoanza, azali ndilo neno tulilonalo, na mimi naliona ni la thamani kubwa. Abadi nayo mitaani imegeuka: mtu akikuambia "Abadan!" anakana, hatafanya asilani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea, Kilifi. Kwetu koma ni roho za wazee waliotangulia. Kwenye vitabu vya shule koma ni kile kialama cha kupumzikia katika sentensi. Na wewe toleo lililopita ulisema koma ni kuacha. Je, yote ni neno moja?

JIBU: Hapana mwalimu, ni maneno matatu yaliyogongana milangoni. Koma ya kuacha ni kitenzi chetu. Koma ya alama, ambayo wengine tunaiita mkato au kipumuo, imekuja na Kiingereza. Koma za Wamijikenda zina heshima yake mwenyewe: kwa Wagiriama mzee wa kawaida husimamishiwa kijiti kidogo kinachoitwa koma, na aliyekuwa katika chama cha Gohu huchongewa kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka. Na bado la nne hujalitaja, koma tunda la mkoma.

Nakuomba usiwaambie watoto kwamba koma za wazee zimeitwa hivyo kwa kuwa "wamekoma kuishi". Nimelisikia hilo likisemwa na watu wazima. Linapendeza masikioni, lakini ukimwuliza mzee wa kaya atakuambia kinyume chake: koma hajaacha, ndiyo maana anapelekewa tembo la mnazi na kuambiwa habari za nyumbani.

SWALI: Ni mtumishi wa halmashauri. Hazina hutuletea kila mwaka "ukomo wa bajeti". Mkuu wangu mpya anataka tuandike "kikomo cha bajeti". Nani yuko sahihi?

JIBU: Yote mawili yanaeleweka, lakini shika ukomo. Tofauti yake ni kama kipofu na upofu, kijana na ujana: ki- inakuonyesha kitu au mahali, u- inakupa hali. Kikomo ni pale. Ukomo ni kule kukoma kwenyewe, na kwa matumizi ya Tanzania umezoea kukaa na muda na mamlaka. Tunasema ukomo wa madaraka. Katiba yetu iliuweka mwaka 1984, vipindi viwili vya miaka mitano kwa rais, na Mzee Ali Hassan Mwinyi akawa wa kwanza kuufikia na kuondoka, mwaka 1995. Uganda waliuondoa wa kwao mwaka 2005. Madaktari nao wana ukomo wa hedhi.

Na kuna ukomo wa sheria, ambao mimi niliujua kwa uchungu. Baba alituachia shamba la michungwa Muheza. Jirani wa upande wa kusini alikuwa amevuka mstari wa minyaa na kupanda mihogo, kisha michungwa yake. Sisi tuko mjini, kila mtu na kazi yake, tukisema tutakwenda, tutakwenda. Kaka yangu mkubwa alipostaafu ndipo akabeba hati zetu za zamani akaenda kushtaki. Akaulizwa jirani alianza kulima lini. Kaka ni mtu wa kweli, akasema ni mwaka wa 14 huu. Akafunguliwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, akaonyeshwa kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12.

Nilikwenda naye mara moja baadaye kuangalia. Minyaa ya baba ilikuwa bado imesimama katikati ya michungwa ya mtu mwingine, imenenepa, ukiikwaruza inatoa maziwa yake meupe kama kawaida. Mpaka ulikuwepo. Ukomo ulikuwa umeshapita. Tangu siku ile sijawahi kuyachanganya maneno haya mawili, na nakusihi wewe unayekaa kwenye ofisi inayohudumia watu wa mashamba: mwananchi akija kuulizia mpaka, mwulize pia tangu lini.

SWALI: Bibi shikamoo. Naolewa mwezi wa nane, Arusha. Kwenye kadi ya harusi mchumba wangu anataka "Mapenzi yasiyo na kikomo". Mama mkwe amekataa, anasema ni mkosi, kwa sababu wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Mama mkwe anastahili kusikilizwa, maana ameshika methali kwa usahihi. Wahenga wetu walikuwa wagumu kukubali kwamba kuna kitu kinachokwenda bila kufika. Hakuna marefu yasiyo na ncha. Kilicho na mwanzo kina mwisho. Na ile ninayoipenda kuliko zote, maji ya kifuu bahari ya chungu, yule mdudu: hayo unayoyaona hayana ukingo, yanaweza kuwa yako ndani ya kifuu cha nazi, ila wewe ndiye mdogo. Lakini methali hizi nyingi zilisemwa kwa ajili ya dhiki, utawala mbaya na kiburi. Mtu aliyelemewa huambiwa hakuna marefu yasiyo na ncha ili apate kupumua. Hazikusemwa kwa ajili ya kadi ya harusi.

Hata hivyo, nami kadi hiyo nisingeiandika hivyo, kwa sababu nyingine. Kikomo, kama nilivyomweleza fundi simu, ni mahali pa kusimama. Ukisema mapenzi hayana kikomo unafanya hesabu ya safari. Kiswahili kinapotaka kusema jambo hili kwa moyo hukimbilia kitenzi, kwa sababu kitenzi kinaishi: mapenzi yasiyokoma, mapenzi yasiyokwisha, mapenzi yasiyochuja. Hilo la mwisho ni la kanga: kanga nzuri ni ile isiyochuja rangi, hata ikifuliwa mara mia. Mkitaka ladha ya ushairi, fupisheni kama wanavyofupisha malenga: "Penzi liso mwisho", "penzi lisokoma". Ndilo lile -so unalolisikia katika "aso mwana aeleke jiwe".

Mimi ningechagua "Mapenzi yasiyochuja". Mama mkwe hatalikataa, anazo kanga zake sandukuni anazijua.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Korogwe. Mwalimu wa Hisabati ametufundisha alama ∞, lakini kwa Kiingereza. Mdogo wangu wa Darasa la Sita ananiuliza kwa Kiswahili hiyo ni namba gani na inaitwaje. Kuna neno moja la Kiswahili?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kumjali mdogo wako.

Alama hiyo aliianzisha Mwingereza John Wallis mwaka 1655. Inafanana na nane iliyolala. Jambo la kwanza la kumwambia mdogo wako ni kwamba si namba. Akikuuliza namba kubwa kuliko zote ni ipi, mwambie aitaje yeye anayoidhani, halafu wewe uongeze moja. Ataje tena, uongeze moja. Mtacheza mpaka mama awaite kula.

Jina lake sasa. Neno moja lililokubalika na kila mtu hatuna, na nimewahi kubishana kwa nguvu na watu waliotaka tulitunge haraka haraka. Wengine husema infiniti, wengine kutokuwa na ukomo. Hilo la pili ni sahihi, na mtihanini nisingeogopa kuliandika. Lakini nitakusimulia nilivyolipata mimi, uone kama litamfaa mdogo wako.

Mwaka 1971 nilikuwa Darasa la Tano, Pangani. Kiswahili kilikuwa kimeshashika masomo yote ya shule za msingi, lilikuwa jambo jipya bado, na walimu wetu walikuwa wakitafuta maneno wakiwa wamesimama mbele yetu na chaki mkononi. Mwalimu wa hesabu aliniita ubaoni nigawanye 10 kwa 3, na hakutaka baki, alitaka desimali. Nikaanza. Tatu mara tatu tisa, baki moja. Nikaweka nukta, nikashusha sifuri. Tatu, baki moja. Nikashusha sifuri. Tatu, baki moja. Darasa likaanza kunisaidia kwa sauti kama wimbo: tatu, baki moja! Tatu, baki moja! Mkono ukafika ukingo wa ubao, nikageuka kumwangalia mwalimu nikidhani nimekosea mahali. Akaniashiria niendelee. Nikateremka mstari wa chini, ule mteremko wa hesabu ukawa umeshagusa fremu ya mbao, chaki imebaki ya kushikwa kwa kucha. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, ubao umekwisha."

Akasema, "Ubao umekwisha. Hesabu haikomi."

Nyumbani kukoma lilikuwa neno la fimbo: utakoma, nitakukomesha. Sikuwa nimewahi kulisikia likikanwa namna ile, kwa upole, na juu ya kitu ambacho hakuna mtu wa kukizuia. Nilirudi kwenye dawati nikaandika tatu nyingine katika daftari langu, nikajaza ukurasa mzima, si kwa sababu niliambiwa. Nilitaka kuona kama ni kweli.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako kwamba hiyo alama inasomeka "haikomi". Mpe penseli, mpe 10 agawanye kwa 3, umwache. Akichoka, mwonyeshe namna ya kuandika kwa ufupi: 3.33 na nukta tatu mbele yake, au 3.3 na kijinukta kimoja juu ya ile tatu ya mwisho. Na akikuuliza hizo nukta zinasimama badala ya nini, mfungulie ukurasa alioujaza.